Nukta Ndani au Nje? Mwongozo Kamili wa Alama za Kunukuu katika Kiingereza

Kufungua na kufunga nukuu hakumsumbui mtu. Kinachotoa jasho ni alama zinazokaa jirani. Nukta iandikwe kabla ya alama ya kufunga au baada yake? Mkato je? Na maneno yaliyonukuliwa yakiwa swali, huku sentensi yenyewe nayo ni swali, tuandike alama mbili za kuuliza? Chukua vitabu viwili vilivyohaririwa vizuri, kimoja kilichochapishwa New York na kingine London, na utakuta nukta zimekaa mahali tofauti, na wahariri wote wawili wako sahihi.

Ugomvi wote huo ni wa alama mbili tu: nukta (.) na mkato (,). Hizo ndizo zinazofuata mazoea ya nchi. Zilizobaki, yaani alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta pacha (:), nukta mkato (;) na kistari kirefu, hazina uraia. Nyingi kati yake huwekwa kwa kujibu swali moja: alama hii ni ya nani? Ikiwa ni ya yule anayenukuliwa, iingie ndani. Ikiwa ni yako wewe unayenukuu, ibaki nje. Shika swali hilo, kwa sababu tutalirudia kila hatua.

Hatua ya 1: Chagua mtindo kabla ya kuandika

Mtindo wa Kimarekani hutumia alama mbilimbili (“ ”) kwa nukuu ya kawaida, na alama mojamoja (‘ ’) kwa nukuu iliyo ndani ya nukuu nyingine. Nukta na mkato huingia ndani ya alama ya kufunga, ziwe za msemaji au za mwandishi. Hapo hakuna mjadala.

Vitabu vingi vya Uingereza hufanya kinyume: alama mojamoja nje, mbilimbili ndani. Magazeti mengi ya huko hata hivyo hutumia mbilimbili, kwa hiyo usimtambue Mwingereza kwa idadi ya alama. Mtambue kwa nukta. Kwake, nukta na mkato hufuata maana kama alama nyingine.

Mgawanyiko huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1906 ndugu wawili Waingereza, H. W. Fowler na F. G. Fowler, walitetea katika kitabu chao kwamba alama ziwekwe kwa kufuata maana. Mwaka huohuo chapa ya Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa toleo la kwanza la mwongozo wake wa uandishi, ambao mpaka leo ndio nguzo ya mtindo wa Kimarekani. Kanada kwa kiasi kikubwa hufuata Marekani. Mwongozo wa serikali ya Australia unatumia alama mojamoja na kufuata maana. Wikipedia ya Kiingereza imechanganya: alama mbilimbili kama Wamarekani, nukta kwa maana kama Waingereza.

Utachaguaje? Kama unaandikia jarida, chuo au mchapishaji, mara nyingi umeshachaguliwa. Chicago, MLA na APA zote ni miongozo ya Kimarekani, na ukiambiwa ufuate mmojawapo, nukta zako ziko ndani. Kama hakuna aliyekuelekeza, angalia tahajia yako mwenyewe. Anayeandika *colour* na *centre* afuate Uingereza. Anayeandika *color* na *center* afuate Marekani. Kwa maoni yangu mtindo wa Uingereza una mantiki zaidi na wa Marekani ni mwepesi zaidi kukumbuka. Kwa mtu anayejifunza, wepesi si jambo la kudharau. Kisichovumilika ni kuchanganya yote miwili katika andiko moja.

Kuanzia hapa mifano yangu ni ya Kimarekani, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Hatua ya 2: Ingiza nukuu vizuri

Kinachotangulia nukuu hutegemea jinsi ulivyoikaribisha. Tazama mlinzi huyuhuyu akinukuliwa kwa namna tatu:

The guard said, “The gate closes at nine.”

The guard gave us one warning: “The gate closes at nine.”

The guard warned us that the gate “closes at nine.”

Katika mfano wa kwanza kuna kitenzi cha kusema, na baada yake mkato. Katika wa pili maneno ya utangulizi ni sentensi iliyojitosheleza. Ungeweza kuweka nukta baada ya *warning* na ikasimama yenyewe. Hapo nukta pacha ndiyo mahali pake. Katika wa tatu nukuu imeyeyuka ndani ya sentensi yako, na haitangulizwi na alama yoyote.

Herufi kubwa hufuata mantiki hiyohiyo. Nukuu iliyo sentensi kamili huanza na herufi kubwa hata kama iko katikati ya sentensi yako. Kipande kilichounganishwa na maneno yako huanza na herufi ndogo. Kama maandishi ya asili yalianza na herufi kubwa na wewe unahitaji ndogo, uandishi wa kisheria, na mara nyingi wa kitaaluma, hutaka uonyeshe badiliko hilo kwa mabano ya mraba: “[t]he gate.”

Kosa linaloongoza hapa ni mkato unaowekwa kwa mazoea, kana kwamba kila alama ya kufungua lazima itanguliwe na mkato. Usiweke mkato baada ya *that*. Wala usiuweke pale neno lililonukuliwa ni sehemu tu ya sentensi:

The word “gate” appears twice.

Ukiandika *The word, “gate,” appears twice*, umelifanya neno *gate* kuwa maelezo ya ziada yanayoweza kuondolewa, na ukiliondoa sentensi haisemi tena ni neno gani.

Usisahau pia kwamba usemi wa taarifa haunukuliwi kabisa. *He asked where I was going* haina alama za kunukuu wala alama ya kuuliza, kwa sababu maneno yake halisi hayapo hapo. Kuna taarifa tu kwamba aliuliza.

Hatua ya 3: Nukta na mkato wakati wa kufunga

Hapa ndipo njia zinapoachana. Mmarekani:

She called the plan “reckless.”

“Reckless,” “late,” and “expensive” were the words she used.

Mwingereza:

She called the plan ‘reckless’.

‘Reckless’, ‘late’ and ‘expensive’ were the words she used.

Aliyenukuliwa alitamka neno moja moja. Hakutamka mkato wala nukta. Hizo ni za mwandishi. Ndiyo maana Mwingereza ameziacha nje. Mmarekani hakuuliza ni za nani. Ameziingiza.

Nukuu ikiwa sentensi kamili inayofunga sentensi nzima, mitindo yote miwili hukutana:

She said, ‘The plan is reckless.’

Nukta ni ya msemaji, imeingia ndani, na hakuna nyingine inayofuata nje. Nukta moja inafunga sentensi zote mbili. Kuandika nukta, kisha alama ya kufunga, kisha nukta tena ni kosa katika mitindo yote.

Sasa kuna mtego ambao huwanasa hasa wale waliokwisha kujifunza kwamba Waingereza huweka alama nje. Fungua riwaya yoyote iliyochapishwa London na utakuta:

‘The plan is reckless,’ she said.

Mkato uko ndani! Je, wamejisahau? La. Msemaji alitoa sentensi kamili, na sentensi hiyo ilikuwa na nukta yake. Kwa kuwa maneno *she said* yanafuata, nukta imegeuzwa kuwa mkato ili sentensi iendelee. Mkato huo umerithi nafasi ya nukta ya msemaji, kwa hiyo ni wake na unakaa ndani. Ukiandika *‘The plan is reckless’, she said*, utakuwa umekwenda Uingereza kupita Waingereza wenyewe.

Nukuu ikiishia kwa kifupisho chenye nukta, nukta hiyo inatosha:

The note read, “Meet me at 6 a.m.”

Kuna eneo moja ambapo hata Wamarekani hulegeza kamba: maandishi ya kompyuta, ambako kila herufi ina kazi. Chukua programu ya kuhariri maandishi iitwayo vi. Ukibonyeza d mara mbili, mstari mmoja unafutwa. Nukta nayo ni amri: hurudia kitendo kilichotangulia. Mwandishi wa maelekezo akiandika *To delete the line, type “dd.”* na msomaji akabonyeza kila kilicho ndani ya alama za kunukuu, mistari miwili inapotea. Dawa bora ni kuandika amri kwa fonti tofauti bila alama za kunukuu kabisa. Kama huwezi, acha nukta nje, na mhariri mwenye busara hatakugombeza. Nywila, anwani za tovuti na majina ya faili yatendee vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Alama ya kuuliza na ya mshangao

Alama hizi hazina mtindo wa Marekani wala wa Uingereza. Uliza tu ni ya nani. Nani anauliza?

Anayenukuliwa anauliza, wewe unasimulia:

He asked, “Who has the key?”

Alama iko ndani, na inafunga sentensi nzima. Usiongeze nukta nje.

Wewe unauliza, anayenukuliwa alikuwa anasema tu:

Did he really say, “I have the key”?

Swali ni lako, kwa hiyo alama iko nje. Angalia kilichotokea kwa nukta ya msemaji: imetoweka. *I have the key* ilikuwa sentensi yenye nukta, lakini ikikutana na alama ya kuuliza inaipisha. Hata Mmarekani haandiki nukta ndani hapa.

Nyote wawili mnauliza:

Did he ask, “Who has the key?”

Alama moja tu, na ni ile ya ndani. Kuandika moja ndani na nyingine nje kunaonekana ni uangalifu, lakini wahariri wataifuta ya nje.

Neno moja lililonukuliwa ndani ya swali lako ni rahisi zaidi, kwa kuwa neno hilo haliulizi chochote:

What do you mean by “soon”?

Mshangao unafuata njia hiyohiyo. Mtu akipiga ukelele, alama ni yake: *She shouted, “Run!”* Ukikasirika wewe kwa neno la mtu aliyetulia, alama ni yako: *Stop telling me to “relax”!*

Kinachosahaulika zaidi ni swali linapotangulia kitenzi cha kusema:

“Who has the key?” he asked.

Hapa mambo mawili hukosewa. Kwanza, baada ya alama ya kuuliza hakuna mkato. Alama hiyo imechukua kazi ya mkato. Pili, *he* inabaki na herufi ndogo, ingawa alama ya kuuliza imetangulia na kompyuta yako itajaribu kuikuza. Sentensi haijaisha. Programu za kurekebisha tahajia hukosea hapa mara kwa mara, hivyo zichunge.

Na swali likikaa katikati ya sentensi kama jina, halihitaji mkato popote:

The question “Who has the key?” was never answered.

Hatua ya 5: Nukta pacha, nukta mkato na kistari kirefu

Hii ni fupi. Nukta pacha na nukta mkato zinazotokana na sentensi yako hukaa nje ya alama ya kufunga, Marekani na Uingereza pia:

He called it “an accident”; nobody believed him.

There was one problem with his “accident”: the door had been locked.

Kama maandishi ya asili yalikuwa na nukta mkato mahali hapo ulipokatia, iondoe tu na uweke alama inayohitajiwa na sentensi yako.

Kistari kirefu huingia ndani pale msemaji anapokatizwa ghafla: *“But I thought—”* Kikiwa ni chako, kinabaki nje. Namba ya tanbihi huja baada ya yote, yaani baada ya nukta na alama ya kufunga, ikipandishwa juu kidogo ya mstari.

Hatua ya 6: Mazungumzo yaliyokatwa katikati

Waandishi wa hadithi hupenda kupenyeza *she said* katikati ya maneno ya mhusika. Kabla ya kuweka alama, jiulize: nikiondoa *she said*, maneno yanabaki sentensi moja au mbili?

“I think,” she said, “that we are lost.”

Ondoa katikati, unabaki na *I think that we are lost*. Ni sentensi moja, kwa hiyo mkato uko pande zote mbili na *that* inaanza na herufi ndogo.

“We are lost,” she said. “Let us go back.”

Hizi ni sentensi mbili. Nukta inakuja baada ya *said*, na *Let* ina herufi kubwa. Ukiweka mkato baada ya *said* hapa, umeziunganisha sentensi mbili kwa mkato peke yake, kosa ambalo walimu wa Kiingereza hawalisamehi.

Kitendo kisicho cha kusema hakishikwi na mkato. Mtu hawezi kutabasamu sentensi:

“We are lost.” She smiled. “Let us go back.”

Kila msemaji mpya apewe aya mpya, hata kama amesema neno moja. Na msemaji mmoja akiongea aya kadhaa mfululizo, fungua nukuu mwanzoni mwa kila aya, lakini usifunge mpaka mwisho wa aya ya mwisho. Aya iliyoishia bila alama ya kufunga humwambia msomaji kwamba huyuhuyu bado anaendelea. Wasiojua kanuni hii hudhani ni kosa la mpiga chapa.

Hatua ya 7: Nukuu ndani ya nukuu

Badilisha aina ya alama kila unapoingia ndani zaidi. Mmarekani:

“The driver told us to ‘wait here,’” she said.

Mkato umeingia ndani ya alama zote. Mwingereza:

‘The driver told us to “wait here”,’ she said.

Maneno ya dereva ni *wait here* tu, kwa hiyo mkato umetoka kwenye nukuu yake. Lakini bado uko ndani ya maneno ya msemaji, kwa sababu unasimama badala ya nukta yake. Sentensi hii moja imebeba karibu kanuni zote za Uingereza. Ukiweza kumweleza mtu mwingine kwa nini mkato ule uko pale ulipo, umefuzu.

Alama ya kuuliza nayo hutafuta tabaka lake. Katika *“Did the driver say ‘wait here’?” she asked*, anayeuliza ni msemaji wa nje, si dereva, kwa hiyo alama imekaa kati ya alama mbili za kufunga.

Tabaka la tatu linawezekana kwa kurudia aina ya kwanza ya alama, lakini ukifika huko ni afadhali kuipangua sentensi.

Hatua ya 8: Marejeo ya kitaaluma na nukuu ndefu

Ukinukuu na kutaja ukurasa kwenye mabano, kanuni ya nukta kuingia ndani hubadilika hata kwa Wamarekani. Nukta husogea mpaka baada ya mabano:

The report calls the bridge “a danger to everyone who crosses it” (14).

Mabano ni sehemu ya sentensi, na nukta hufunga sentensi nzima. Lakini alama ya kuuliza iliyo ya mwandishi wa asili haihami:

The report asks, “Who will repair it?” (15).

Hapa nukta ya nje ni halali, kwa sababu mabano yamezitenganisha.

Nukuu ikirefuka haipewi alama za kunukuu kabisa. Huanzishwa mstari mpya na kusogezwa ndani ya ukingo. Urefu unaotakiwa hutofautiana: APA huanzia maneno 40, MLA, nathari inayozidi mistari minne au ushairi unaozidi mistari mitatu, Chicago, takribani maneno 100. Katika MLA na APA, nukuu ya namna hii hugeuza mpangilio: nukta kwanza, halafu mabano. Na kama ndani ya nukuu hiyo kuna maneno ya mtu mwingine, yanapata alama za kawaida za mtindo wako wa nje, kwa kuwa hakuna nyingine zinazozizunguka.

Hatua ya 9: Ukigusa maneno ya mtu

Chochote ulichoongeza au kubadilisha ndani ya nukuu kiingie katika mabano ya mraba. Mabano ya duara hayafai, kwa sababu msomaji atadhani yalikuwamo tangu mwanzo:

“She [the engineer] refused to sign.”

Ulichoondoa kionyeshe kwa dukuduku, yaani nukta tatu. Ukiondoa mwisho wa sentensi na kuendelea na nyingine, nukta ya sentensi huongezeka na kuwa nne. Mwanzoni mwa nukuu dukuduku hazihitajiki kwa kawaida; kila msomaji anajua kwamba kabla ya maneno hayo kulikuwa na mengine.

Ukikuta kosa la tahajia katika maandishi ya asili, unaweza kuandika [sic] baada yake kuonyesha kwamba kosa si lako. Itumie kwa uchache. Kumjazia mtu [sic] tatu katika mistari miwili ni kumdhihaki, na msomaji anaona.

Mahali pasipohitaji alama za kunukuu

Alama za kunukuu hazitumiki kusisitiza. Tangazo linaloandika *“Fresh” bread daily* halisemi mkate ni wa leo. Linamkonyeza msomaji kwamba upya huo una walakini. Alama hizi, zikizungushwa kwenye neno lisilo nukuu, humaanisha *eti*. Ukitaka msisitizo, tumia herufi za mlazo, au panga sentensi ili neno likae mahali penye uzito.

Kwa sababu hiyohiyo, baada ya *so-called* usiweke alama za kunukuu. Neno hilo limeshasema eti. Kurudia ni kukonyeza kwa macho yote mawili.

Vichwa vya kazi fupi (shairi, makala, hadithi fupi, wimbo) hupewa alama za kunukuu. Kazi ndefu kama vitabu, filamu na majarida huandikwa kwa herufi za mlazo.

Alama zenyewe kwenye kibodi

Kiingereza kilichochapishwa vizuri hutumia alama zilizopinda: ya kufungua inafanana na 66, ya kufunga na 99. Alama zilizonyooka (") ni urithi wa taipureta, ambayo haikuwa na nafasi ya vitufe viwili. Programu za kuandikia hupinda alama zenyewe unapoandika. Ukitaka kuziandika kwa mkono, kwenye Windows shikilia Alt na uandike kwa vitufe vya namba 0147 na 0148 kwa mbilimbili, 0145 na 0146 kwa mojamoja. Kwenye Mac ni Option na kitufe cha [ kwa kufungua mbilimbili, ongeza Shift kwa kufunga, kitufe cha ] hufanya hivyo kwa mojamoja. Vitufe hivi vya Mac ni vya kibodi ya Kimarekani.

Programu hukosea mahali pamoja kila mara: ritifaa inayoanza neno. Andika miaka ya tisini kwa kifupi na itakupa ‘90s, iliyopindia upande wa kufungua, ilhali inayotakiwa ni ’90s. Andika ritifaa mbili mfululizo, kisha futa ya kwanza.

Na kama unanakili msimbo wa programu, rudisha alama zilizonyooka. Alama iliyopinda ndani ya msimbo huusimamisha, na jicho halioni kwa nini.

Tujaribu kwenye aya iliyovurugika

Mazungumzo haya yameandikwa vibaya kwa makusudi:

When I asked the clerk where the form was? He said “it is upstairs”. “Which floor” I asked? “the third”, he replied, “But the sign on the door says “Closed””.

Anza na sehemu ya kwanza. *Where the form was* ni usemi wa taarifa, kwa hiyo alama ya kuuliza inaondoka na mkato unachukua nafasi yake, na *he* inapata herufi ndogo. Baada ya *said* unahitajika mkato, na *It* inaanza na herufi kubwa kwa kuwa ni sentensi kamili. Swali la pili ni la mwulizaji, si la kitenzi *asked*, hivyo alama yake inarudi ndani. Katika jibu la karani, ukiondoa *he replied* unapata sentensi moja, *The third, but the sign on the door says Closed*, kwa hiyo *but* ina herufi ndogo. Neno la kwenye mlango ni nukuu ndani ya nukuu, na linabadilisha aina ya alama. Kila msemaji anapata aya yake:

When I asked the clerk where the form was, he said, “It is upstairs.”

“Which floor?” I asked.

“The third,” he replied, “but the sign on the door says ‘Closed.’”

Kwa mchapishaji wa London, mstari wa mwisho ungekuwa hivi:

‘The third,’ he replied, ‘but the sign on the door says “Closed”.’

Nukta imetoka kwenye kibao cha mlangoni, ambacho hakikuwa nayo, ikabaki kwa karani, ambaye sentensi ni yake.

Ukaguzi kabla ya kutuma

Tumia kitafutio cha programu yako. Kama unafuata Marekani, tafuta alama ya kufunga iliyofuatwa na nukta, kisha iliyofuatwa na mkato. Toa zile zinazohusu amri za kompyuta. Zilizobaki ni makosa. Kama unafuata Uingereza huwezi kusahihisha zote kwa mkupuo: tafuta nukta na mikato iliyo ndani, na ukifika kwenye kila moja uliza ni ya nani. Halafu, kwa mtindo wowote, tafuta alama ya kuuliza iliyofuatwa na mkato au nukta, na alama mbili za kufunga zinazofanana zilizogusana. Mwisho hesabu za kufungua na za kufunga. Zisipolingana, angalia kwanza mazungumzo yaliyovuka aya, kwa sababu hapo tofauti ni halali.